Kilo Tatu na Nusu za Risasi

Mjumbe wetu ni mzee asiye na haraka. Ukimwona anatembea mbiombio, ujue kuna msiba au kuna mgombea. Jumapili ya wiki mbili zilizopita, saa nne na dakika chache asubuhi, alikuja kwangu mbiombio. Shati limefungwa vifungo kombo, fimbo mkononi, na nyuma yake kundi la majirani ambao nusu yao sijawahi kuwaona hata siku ya mchango wa ulinzi shirikishi. Akasimama ukingoni mwa baraza. Akatazama moshi, akatazama jiko la mkaa lililolala ubavu, kisha akanitazama mimi, niliyekuwa nimevaa miwani ya kuchomelea na aproni ya mke wangu yenye maua.

"Hapa kimelia nini?"

Shuleni tulifundishwa kwamba msema kweli ni mpenzi wa Mungu. Nikasema kweli.

"Ni risasi, mzee. Shikamoo."

Shikamoo ile ilibaki hewani. Mzee wa Pwani kuiacha shikamoo ya mtu bila kuipokea si jambo dogo. Ni afadhali akutukane, maana tusi utalisahau.

"Risasi," akasema taratibu. "Unazo ngapi?"

"Zilizobaki ni kama kilo tatu na nusu."

Nyuma mtu akasema "Yesu!" na mwingine akasema "La ilaha illallah," kwa hiyo dini zote kubwa za mtaa zikawa zimewakilishwa.

"Umezitoa wapi?"

"Kwa fundi wa matairi, mzee. Natengeneza mwenyewe, hapo uani."

"Za kazi gani?"

Hapa mtu mwenye akili angesema "za kuvulia samaki", mambo yangeisha, na mimi ningerudi kwenye kiwiko changu kilichokuwa kinawaka. Lakini nilikuwa bado nasikia mvumo masikioni, na akilini mwangu kwa miezi mitatu hakukuwa na samaki mwingine ila mmoja.

"Za kuulia nguru."

Jirani yangu wa nyumba ya tatu ni Mnguu wa Kilindi, mtu wa kabila ambalo wengi wetu, kwa uzembe wa ulimi, tunaliita Wanguru. Ni mtu mpole, ananikopesha ngazi. Nilimwona anarudi nyuma hatua mbili, mkono kifuani.

Mama mkwe wangu, aliyekuwa amekaa kwenye mkeka tangu mwanzo na ungo wa mchele mapajani, ndiye aliyejaribu kuniokoa. "Anasema za baharini," akawaambia, bila kuinua macho.

"Bahari gani?" akauliza mtu.

Ni swali la haki. Tunaishi Pangani, lakini Pangani yenye bahari iko Tanga, mahali mto Pangani unapoingia Bahari ya Hindi. Nairobi nayo ina Pangani yake, isiyo na bahari lakini angalau ina foleni. Pangani yetu ni kata ya Kibaha: mikorosho, mihogo, viwanja vyenye bikoni, nyumba zilizofika kwenye linta zikasubiri mkopo. Kutoka mlangoni kwangu hadi ngalawa iliyo karibu ni bodaboda moja na daladala tatu. Nikiwaambia watu mjini kwamba mimi ni mvuvi wa Pangani wananiheshimu sana, hadi waulize ni Pangani ipi.

Na lugha nayo imenitenda. Neno risasi limetufikia kutoka Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni madini: ile metali ya kijivu, laini, nzito, inayokunjika kwa mkono. Ya bunduki imeazima jina kwa sababu ilisubiwa kwa metali hiyo. Lakini aliyeazima ametajirika, mwenye mali amesahaulika. Leo ukisema una risasi nyumbani, hakuna atakayekuuliza kama ni ya kuziba bomba.

Chanzo cha yote ni shemeji yangu wa Muscat. Alikuja likizo mwezi wa nane akaniletea zawadi: samaki wa risasi wa gramu 100, urefu wa kiganja, amepakwa rangi ya fedha ubavuni na waridi mgongoni, macho makubwa ya mshangao. Huko Omani, akaniambia, watu wameacha kuhangaika na chambo. Wanateremsha hiki kitu, wanaita jigi, hadi chini kabisa, kisha wanakivuta juu kwa mikupuo, na samaki wakubwa wanakirukia kwa hasira.

Nilidhani ni maneno ya watu wa Ughaibuni, hadi nilipoelewa kinavyofanya kazi, na hapo nikapotea. Risasi ni nzito mara 11 kuliko maji, kwa hiyo gramu 100 zinakaa kwenye umbo dogo lisilojaza hata kijiko cha chakula. Umbo dogo halishikwi na mkondo. Linashuka mita 40 wakati chambo cha pweza cha jirani yako bado kinaelea huko kikiulizia njia. Hilo ni la kwanza. La pili ndilo tamu zaidi: uzito umekaa wapi? Ukiweka unene mkiani, jigi linazama wima kama jembe lililotupwa kisimani. Ukiweka unene katikati, linaposhuka linalala ubavu, linapepesuka kushoto na kulia kama jani la mwembe, linameta, linazima, linameta. Samaki mkubwa anaona kibua aliyejeruhiwa. Hana njaa labda, lakini hawezi kuacha kitu dhaifu kipite mbele yake. Ni tabia tunayoijua. Na ndoano haikai mkiani tunavyodhani sisi. Inaning'inia juu, kwenye kamba fupi karibu na kichwa, kwa sababu kolekole akimshambulia mwenzake hulenga kichwani.

Nilikaa na hicho kitu mkononi usiku mzima. Mke wangu aliuliza kama nataka kukiposa.

Jigi hilo nililipeleka Kunduchi Jumamosi moja, likakwama mwambani mara ya pili kulishusha. Nikaenda Kariakoo kutafuta jingine, nikatajiwa bei ambayo kwenye soko la samaki la Feri ingeninunulia kolekole mzima, aliyekwisha kufa, asiyehitaji kushawishiwa. Ndipo nikasema neno ambalo limevunja ndoa nyingi na nyumba nyingi zaidi: "Hiki mbona naweza kutengeneza mwenyewe."

Risasi niliipata kwa fundi wa matairi, ile inayogongewa kwenye rimu wakati wa kubalansi. Alikuwa na kopo zima, anachotaka ni pesa ya soda. Lakini kopo la siku hizi lina unafiki ndani yake. Ulaya walishaacha risasi kwenye rimu za magari mapya tangu miaka ya 2000, wakahamia zinki na chuma, na kwa kuwa magari yetu ni yale waliyochoka nayo wenzetu, kopo la fundi lina vyote vitatu, vimechanganyika, vina rangi moja ya kijivu. Ya kweli utaijua kwa ukucha: risasi inakubali mkwaruzo, zinki inakuvunja ukucha. Zinki iliyokuponyoka utaikamata sufuriani. Risasi inayeyuka kwenye nyuzi 327, zinki inasubiri hadi nyuzi 419. Ukiweza kuuzuia moto katikati ya namba hizo mbili, risasi inakuwa maji na zinki inaelea juu yake, ngumu, imenuna, unaitoa kwa kijiko. Ukizidisha moto, nayo inayeyuka, na mchanganyiko wako unakuwa kama uji uliolala.

Moto wenyewe unahitajika mdogo kuliko unavyodhani. Hili lilinishangaza kiasi kwamba nilimweleza kila mtu aliyekaa karibu nami kwenye daladala. Joto la kuchemsha lita moja ya maji ya chai linatosha kuyeyusha kilo tano za risasi. Kilo tano! Risasi hufika kwenye nyuzi nyingi, lakini haina ubahili wa maji. Ukiipa moto kidogo tu inajitoa yote. Kwa dakika kumi kwenye jiko la mkaa la kawaida vipande vinaanza kujikunja pembeni, vinazama kimoja kimoja, halafu ghafla unaona kioo. Unakipangusa kile kiwambo cha taka juu, unatupia kipande cha mshumaa ili kusafisha, kinawaka puu, na chini yake kuna kitu kinachong'aa hadi unajiona pua yako. Nilijiona. Nilikuwa na furaha ambayo sijawa nayo tangu matokeo ya kidato cha nne.

Sasa kalibu.

Nilihitaji kalibu yenye umbo la samaki, na mtaa mzima unajenga, kwa hiyo nilikwenda kwa fundi wa dari nikaomba unga wa jipsamu. Unaukoroga na maji, unamlaza humo samaki wa mti uliyemchonga, nusu mwili, unasubiri igande, unapaka mafuta, unamwaga nusu ya pili juu yake. Unapata vipande viwili vinavyofungana kama ganda la chaza. Unachimba tundu la kumiminia. Unatega waya katikati. Kalibu yangu ilikuwa nzuri. Nasema hivi bila majivuno: ilikuwa na magamba.

Niliianika siku mbili. Ilikuwa Novemba, vuli imeanza, lakini nilikuwa naitoa na kuiingiza kama nguo za mtoto mchanga. Jumapili asubuhi niliigusa ikawa kavu, nyeupe, baridi kidogo. Kile kibaridi ndicho kilikuwa onyo. Mikono yangu iliniambia, mimi sikuwaza.

Jipsamu ni jiwe lenye maji ndani. Si maji ya kulowa. Maji yaliyofungwa kwenye jiwe lenyewe, sehemu ya mwili wake. Katika kila kilo moja ya jipsamu iliyogandamana, gramu 200 hivi ni maji. Kiwandani wanalioka jiwe, sehemu kubwa ya maji hayo inaondoka, linakuwa unga. Wewe ukitia maji unga unayanywa tena na kurudi kuwa jiwe. Ndiyo maana watu wa zimamoto wanazipenda dari za jipsamu: nyumba ikiwaka, dari inatoa jasho, na kwa muda fulani jasho hilo linauchelewesha moto. Ni mali nzuri sana kwenye dari. Kwenye kalibu ni bomu linalosubiri adabu. Tone la maji likigeuka mvuke linahitaji nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile liliyokuwa nayo, na halisubiri kupewa. Wanaojua huioka kalibu kwanza, kwa saa nyingi, hadi isiwe na cha kusema. Mimi nilikuwa nimeianika.

Nilipiga magoti. Nilishika kile kikombe cha bati chenye mpini mrefu. Mama mkwe yuko kwenye mkeka, hatua sita, anachambua mchele. Kuku wanne wanamzunguka. Mke wangu yuko ndani anasema kitu nisichokisikia, ambacho baadaye alinithibitishia kuwa kilikuwa "Hiyo sufuria ya nani?" Nikamimina.

Kwa nusu sekunde ilikwenda vizuri. Niliona uzi wa fedha unaingia kwenye tundu kimyakimya, na nikawaza kwamba nitamtengenezea shemeji wawili nimpelekee Muscat, ajue Bongo nako kuna watu. Halafu tundu likacheka. Sina neno jingine: lilitoa povu dogo, likasema kwikwi, na nikayaona yale maji ya fedha yanarudi juu yananifuata.

Mlio ulikuwa mmoja. Mbwa wa mtaa wa pili wanashuhudia. Kalibu ilipasuka vipande vitatu, kimoja kikapiga jiko teke, jiko likapinduka, na risasi ikaruka juu kama maji ya tangi lililopasuka, ikagawanyika angani kuwa matone, yakashuka yakiwa yamepoa na kuwa shanga. Nyingi zilishuka uani. Chache zilishuka kwenye dari ya baraza kwenda juu, kama ninavyoweza kusema, maana bado zimenasa pale. Moja ina ukubwa wa punje ya harage na naiangalia ninapoandika. Moja ilipita chini ya mkono wa aproni ikakaa kwenye kiwiko changu muda mrefu kuliko ilivyokaribishwa. Na kama kumi hivi, zikiwa za moto bado, zilitua kwenye ungo wa mama mkwe.

Hakupiga kelele. Ni mwanamke aliyezaa watoto wanane, wanne kati yao wakati wa masika. Alizitazama, akasubiri zipoe, akaanza kuzitoa moja moja pamoja na mawe.

"Mchele wa siku hizi," akasema.

Basi ndipo mjumbe akafika.

Yaliyofuata nitayafupisha kwa sababu yananiuma. Nilipelekwa ofisini. Niliandikishwa barua ya maelezo. Neno risasi lilikuwamo mara kumi na moja, na ofisa mmoja kijana, kwa huruma kabisa, alilikata mara zote kumi na moja kwa kalamu nyekundu akaandika "malighafi". Nilichangia soda. Nilimwomba radhi Mnguu wangu, akanisamehe, lakini ngazi sijaiona tena. Watoto wa mtaa wananiita Kamanda, na muuza vocha ananihudumia kwa haraka isiyo ya kawaida.

Yote hayo ningeyacheka. Tatizo ni Jumatatu.

Jumatatu asubuhi nilimkuta binti yetu, ana miaka mitatu, amechuchumaa uani, mkono mmoja umejaa shanga za fedha. Alikuwa anaziokota tangu jana, kumbe. Mkono wa pili ulikuwa mdomoni.

Najua vya kutosha kuhusu risasi sasa. Nimesoma yote ambayo ningepaswa kuyasoma kabla. Moshi wake si tishio kubwa kwenye moto mdogo kama wangu. Tishio ni ule unga wa kijivu, zile taka nilizopangusa kwa kijiko na kukung'utia kwenye mchanga: unakaa mikononi, unaingia kwenye nguo, unakwenda na chakula. Mtu mzima mwilini mwake unaingia kidogo, mtoto unaingia mara kadhaa zaidi, na unaingia kwenye ubongo unaojengwa. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Hauna ladha mbaya, wala homa. Kikiwa kiwango kidogo, mtoto hafi, haumwi. Anakua tu na darasa la pili linakuwa gumu kuliko lilivyopaswa kuwa, na mwalimu anamwita mvivu.

Nikampakata nikaenda naye zahanati. Nikamweleza yule dada wa mapokezi: nataka mtoto apimwe risasi.

"Amepigwa wapi?"

"Hajapigwa. Nadhani amemeza."

Akaacha kuandika. Akanitazama mimi, akatazama kiwiko changu kilichofungwa bandeji. "Lete PF3 kwanza," akasema. "Bila fomu ya polisi hatuwezi kugusa mtu wa risasi."

Nilicheka. Ndiyo, nilicheka, na mtoto akacheka kwa kuniona mimi nacheka. Halafu nikaeleza upya, polepole, madini, damu, kipimo, akaenda akamwita mwenzake, na mwenzake akaniambia kwa upole kwamba kipimo hicho hawana, na hamjui wa jirani mwenye nacho. Nikaenda kwingine, nikajibiwa vivyo hivyo bila ile sehemu ya PF3. Niliporudi nyumbani nilikuwa siwezi kucheka tena.

Kwa sababu hebu tazama. Mimi nililipua jipsamu mara moja, na ndani ya dakika tano nilikuwa na mjumbe, kundi la watu, ofisi, barua na kalamu nyekundu. Lakini barabarani, si mbali na ninapopandia daladala, kuna vijana wanapasua betri za magari kwa shoka. Hawana glovu. Tindikali inamwagwa mtaroni, na zile sahani za risasi zinawekwa kwenye kiroba ziende kuuzwa. Watoto wanapita hapo wakienda shule. Nimepita hapo miaka minne. Hakuna mjumbe aliyewahi kwenda pale mbiombio, kwa sababu betri ikipasuliwa haitoi mlio.

Mombasa wanalijua hili kuliko sisi. Kijiji cha Owino Uhuru kiliwekewa kiwanda cha kuyeyusha betri ukutani mwake, na ilimchukua mama mmoja, Phyllis Omido, ambaye mtoto wake mwenyewe aligundulika kuwa na risasi mwilini, miaka ya kupiga kelele kabla kiwanda hakijafungwa. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliwaamulia wanakijiji fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3, na kesi ikaendelea kupandishwa na kushushwa kwa miaka mingine. Yeye ndiye alikuwa mlio. Bila yeye kiwanda kile kilikuwa kimya kama jiwe.

Na sisi wenye umri wangu tusijione. Tulivuta risasi barabarani utoto mzima, iliyokuwa imetiwa kwenye petroli ili injini zisigonge. Afrika kusini mwa Sahara ilikubaliana Dakar mwaka 2001 kuiondoa, na ikaondoka ilipoingia 2006. Injini hazikugonga. Walichojali ni hicho, mlio.

Waingereza walipiga marufuku chubwi ndogo za risasi mwaka 1987, kwa ajili ya batamaji, wale ndege weupe wenye shingo ndefu, waliokuwa wakizimeza wakidhani ni changarawe. Denmark wakapiga marufuku vifaa vya uvuvi vya risasi mwaka 2002. Denmark ni miongoni mwa nchi za Nordiki zilizotujengea Shirika la Elimu Kibaha miaka ya 1960, shule, hospitali na shamba. La batamaji halikuja na ule msaada. Sina kinyongo na batamaji. Nasema tu kwamba binti yangu naye ana shingo.

Sufuria, kwa wanaouliza, ilikuwa ya mama mkwe. Nilikuwa nimeshaisugua kwa majivu na sabuni Jumapili jioni nikairudisha kabatini, inang'aa. Jumatatu niliitoboa kwa msumari mara saba ili asije mtu akaipikia, nikamnunulia mpya, na akaniuliza, mwanangu, ile ilikuwa na kosa gani? Nilimweleza. Alinyamaza muda. Akasema ungo nao, basi. Tukauchoma mchele, tukachota mchanga wa uani hadi kina cha kiganja, tukauzika mbali na kisima. Mtoto anaoshwa mikono hadi analia. Kipimo bado nakitafuta.

Sasa nitamaliza upande wa uvuvi, maana ndio uliokuwa mada.

Kalibu ya pili niliioka saa sita, mbali, kwenye kiwanja cha rafiki kisicho na mtu wala kuku, nimevaa viatu vya mgodini na barakoa.

Zilitoka jigi tano, na nilizipaka rangi ya kucha niliyoiba.

Moja ilizama wima kama jembe.

Moja fundi mwashi aliiazima ikawa timazi, na ukuta wake umenyooka kuliko yote mtaani.

Tatu nilikwenda nazo Kunduchi Jumamosi iliyopita, pamoja na ile jembe. Bahari ilikuwa shwari, matlai, kusi imeshalala na kaskazi haijaamka. Nahodha wa ngalawa ni mzee ambaye nadhani amezaliwa ndani yake. Ya kwanza iliondoka na fundo langu. Ya pili ilichukuliwa na mzia, ambaye alikata nailoni kwa meno bila hata kuniaga. Ya tatu iko mwambani, karibu na ile ya shemeji. Zina mengi ya kuzungumza.

Ilibaki ile inayozama wima. Mzee alininyooshea mkono, nikampa. Akaipima kiganjani, akaiminya kwa ukucha, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akakata ndoano yangu ya juu na ile kamba yake ya kisasa, akaitupa kwenye kopo. Akafunga samaki wangu mwenye magamba na macho ya mshangao kwenye mshipi wake kama chubwi, akaongeza ndoano mbili za kwake, akachomeka vipande vya pweza, akashusha. Haikupepesuka. Haikumeta. Ilikwenda chini kama jembe, kama ilivyotakiwa.

Alitoa changu wanne kabla ya saa tano. Nilinunua wawili, kwa bei ya Feri, na yeye akasema hiyo risasi atakaa nayo kama ni sawa na mimi. Nilimwomba anawe mikono kabla ya kula. Alinitazama kwa namna ambayo nimeizoea.

Daladala tatu na bodaboda moja, jua limeshainama. Mjumbe alikuwa amekaa nje kwake, mguu juu ya mguu, hana haraka. Nilikuwa na mfuko wenye maji yanayodondoka na mikia miwili imechungulia nje. Nilisimama.

"Shikamoo, mzee."

Akautazama mfuko. Akaniangalia usoni, akautazama mfuko tena.

"Marahaba," akasema. "Huyo mkubwa ni changu?"

Nikamtoa, nikampa.